Pangani kwenye mwezi mpevu: kwa nini soko lilikuwa tupu, na mengine ya kujua kabla ya kuhamia

Swali: "Mimi ni mwalimu, nimebakiza miaka miwili kustaafu, naishi Dodoma. Julai iliyopita mimi na mke wangu tulikaa Pangani siku mbili. Tuliupenda ukimya wake: nyumba za kale, minazi, watu wasio na pupa. Ila tulishangaa. Mji uko ukingoni mwa bahari, sokoni hapakuwa na samaki wa maana, na kwa mama ntilie tukapewa maharage. Mwezi ulikuwa mpevu na upepo ulikuwa mkali kweli. Maisha ya kila siku pale yakoje hasa? Tukinunua kiwanja tukajenga, tutayaweza?"

Jibu: Mwalimu, nusu ya jibu umeiandika mwenyewe. Umetaja mwezi mpevu na upepo wa Julai. Hivyo viwili ndivyo vinavyoamua mtu wa Pangani atakula nini leo, atavuka saa ngapi na kisima chake kitatoa maji ya aina gani. Ninyi mlifika siku ambazo vyote viwili vilikuwa kinyume na mvuvi.

Anza na mwezi. Sehemu kubwa ya samaki wa bei nafuu mjini ni dagaa na vibua wanaovuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri, sola au jenereta. Chombo hutoka jioni, taa huwashwa juu ya maji, samaki wakishajikusanya penye mwanga wavu huzungushwa na kufungwa chini. Mbalamwezi ikiwaka, bahari nzima ina mwanga, na samaki hana sababu ya kuifuata taa yako. Kwa hiyo kuanzia mwezi kumi na moja hivi hadi mwezi kumi na saba, kwa kuhesabu tangu mwezi mwandamo, vyombo vya taa hupandishwa pwani. Ndizo siku za kushona nyavu, kukalafati mbao, yaani kuziba nyufa zake kwa pamba, na kupaka sifa, mafuta ya papa. Wageni huona wanaume wamekaa chini ya mkungu na nyavu mapajani, wakadhani wanapumzika. Siku zinazobaki, kama ishirini za kila mwezi, wavuvi huziita giza, na hapo ndipo fedha inapozunguka mjini. Hata fundi cherehani na muuza simu hujua leo ni giza au mbalamwezi, kwa sababu madeni hulipwa gizani.

Upepo nao. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huanza Aprili na hushika nguvu Juni hadi Agosti. Ngalawa na mtumbwi haviwezi kwenda mbali, na hata mashua yenye injini hurudi mapema. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Katikati yake, Novemba na tena karibu na Machi, kuna kipindi wazee wanachokiita tanga mbili, upepo haujaamua uende wapi. Bahari hulala, na mvuvi wa mshipi huleta changu, chewa na kolekole waliojaa tenga. Angalieni basi: Julai na mwezi mpevu ni sawa na kufika kijijini kwa wakulima mwezi wa njaa kisha kuuliza mahindi yako wapi.

Maharage mliyopewa hayakuwa dharau. Kipindi kile wenyeji nao hula maharage ya nazi, kisamvu, kunde, mchicha, na ng'onda au papa mkavu aliyewekwa tangu kaskazi. Mkihamia, wekeni akiba hiyo hiyo. Dagaa wakavu hununuliwa Februari, jua likiwa kali, kwa ndoo ya lita ishirini. Mkunje mmoja mgongoni: akikatika kwa sauti, amekauka. Akipinda, ana maji ndani na ataota ukungu kabla ya wiki mbili. Akiwa na rangi ya kutu tumboni, mafuta yake yameshachacha, na hakuna kiungo kitakachoficha. Uliza pia walianikwa wapi. Wa chanja ni ghali kidogo, wa chini utawatafuna na mchanga hata ukiwaosha mara tatu. Giza la masika msinunue wakavu. Dagaa wakishachemshwa kwa maji ya chumvi wanahitaji jua siku hiyo hiyo, na Aprili jua hilo halipo. Wabichi huwa wa kumwaga, wakavu huwa wameungua kwa moshi au wameoza nusu.

Sasa maji, jambo ambalo mtu wa bara huchelewa kulielewa kuliko yote. Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ya juu na chini ikifika mita tatu na nusu hivi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hupungua hadi mita moja au pungufu. Huna haja ya kununua jedwali. Siku ya mwezi mosi au mwezi kumi na tano, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata ongeza dakika hamsini. Mwezi nne, kwa mfano, ni siku tatu mbele, dakika mia na hamsini, basi maji hujaa karibu saa kumi na mbili na nusu. Mwezi nane yanajaa karibu saa nne. Kupwa ni saa sita na dakika kumi na mbili hivi baada ya kujaa. Hesabu hii hukosea kwa nusu saa, wakati mwingine zaidi, lakini inatosha kwa kupanga siku.

Ndiyo maana, kama mlipita Kigombe mkitokea Tanga kwenye saa nne asubuhi, mliona wanawake na watoto wametawanyika mbali sana kwenye ufuko uliokauka, kila mmoja na ndoo au kijiti. Mwezi mpevu, saa nne, bahari imekupwa hadi mwisho wake. Huo ndio wakati wa kuchokoa pweza, kuokota kombe na kutanda uduvi kwa khanga kuukuu. Kazi hiyo haiangalii mbalamwezi wala kusi, nayo hulisha nyumba nyingi wanaume wakiwa wamekaa. Kwa hiyo bamvua ya Julai ulizeni pweza, msiulize samaki. Apigwe vizuri kwenye jiwe hadi mikono ilegee, kisha achemke kwa maji yake mwenyewe bila chumvi. Chumvi ikitangulia, anakuwa kama kandambili.

Mdomo wa mto Pangani, unaoingia baharini hapa mjini, una mchanga uliojikusanya chini ya maji. Bamvua ikikupwa, chombo kizito hakiingii. Husubiri nje hadi maji yaanze kupanda. Siku hizo mnada wa samaki huwa mapema sana alfajiri, kabla maji hayajatoka, au husogea hadi baada ya saa sita. Mtu anayefika pwani saa tatu kila siku kwa mazoea ya ofisini atakuta mizani tupu mara nyingi kuliko alivyotarajia. Mkifika mnadani, msishike samaki wala kutaja bei kabla ya kujua dalali ni nani. Mafungu hutangazwa, bei hupandishwa kwa sauti ndogo au kwa ishara, na mchuuzi wa baiskeli aliyewatangulia ana haki yake. Nyumba ya watu wawili haihitaji fungu la mnadani. Subirini mchuuzi anunue, kisha mnunueni kwake pembeni. Mtalipa zaidi kidogo, lakini atawakumbuka siku ya uhaba.

Msiogelee mdomoni. Maji yanayopwa yakijumlika na maji ya mto huvuta kwa nguvu hata kijana mwenye mbavu, na juu zaidi mtoni kuna mamba. Ufuko wa kuogelea upo Ushongo, kusini ya mto. Kisiwa cha Maziwe, kilichowekwa hifadhi tangu 1975, kilikuwa na miti ya mivinje. Leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kasa bado hupanda pale kutaga, na mayai huhamishiwa bara yasije yakaoza. Anayewaambia atawapeleka saa kumi jioni ya bamvua, mwulizeni mtasimama juu ya nini.

Mto wenyewe unatoka mbali, miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ukapita Bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale na Maporomoko ya Pangani, na njiani mashamba mengi huunywa. Kinachobaki mwezi wa Januari au Februari ni kidogo, basi bahari huingia ndani ya mto na chini ya ardhi. Hapo ndipo kisima kilichotoa maji matamu mwezi wa Mei huanza kutoa maji yasiyotoa povu la sabuni. Kabla ya kununua kiwanja chenye kisima, onjeni maji yake mwezi wa Februari, siku ya bamvua, saa moja baada ya kujaa. Yakiwa matamu saa hiyo, ni matamu kweli. Muuzaji atawaleta Mei.

Dawa ya hilo ni paa lako mwenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba sitini likipata mvua ya milimita ishirini, linatoa lita elfu moja na mia mbili. Kwa kumwagika na kukauka, hesabu elfu moja. Maji ya dakika kumi za kwanza yaache yaende, yamebeba chumvi ya upepo na mavi ya kunguru. Tangi la lita elfu tano linatosha watu wawili kunywa na kupika kutoka masika hadi vuli, kama kufua na kuoga mtatumia ya bomba au kisima.

Kujenga ndiko kunakovunja watu wa bara. Kosa la kwanza ni kutaka kuona bahari kutoka kitandani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto, na hata isingekataza, bahari inakula ardhi. Ule ukuta mliouona mbele ya mji haukujengwa kwa urembo. Ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, kuna mwinuko wenye upepo mzuri na mbu wachache. Ila kila chumvi na kila panadoli ni kuvuka mto. Barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja lake la mto Pangani, inabadilisha hesabu hii na bei za viwanja vya ng'ambo kwa pamoja. Mkiuziwa Bweni kwa bei ya kusema "daraja hili hapa", pimeni wenyewe umbali wa kutembea.

Kosa la pili ni mchanga. Uliopo ufukweni ni bure, na fundi asiye mwaminifu ataupenda. Chumvi yake hula nondo ndani ya zege, kutu huvimba, na lenta hupasuka kwa urefu miaka michache tu baada ya kuhamia. Takeni mchanga wa mto, wa juu kabisa ambako maji ya bahari hayafiki, na maji ya kukorogea yasiwe ya kisima cha chumvi. Bati la geji 32 la kawaida ni la kutupa fedha karibu na bahari. Chukueni geji 28 iliyopakwa aluminiamu na zinki, na misumari isiwe ya chuma kitupu, maana paa huanza kutoboka kwenye msumari. Banda la jiko na la kupumzikia ezekeni kwa makuti. Yakipangwa nusu shubiri kati ya kuti na kuti, mwinuko ukiwa mkali, hukaa miaka mitano. Fundi akiyaachia nafasi ya shubiri nzima ili yasionekane mengi, mwaka wa tatu mtahesabu nyota.

Kuna wanaopenda zaidi kununua nyumba ya kale na kuikarabati. Ni jambo zuri, lakini kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinapumua. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu unaopanda kutoka chini hauna pa kutokea. Plasta huvimba, huanguka kwa vipande na kuondoka na uso wa ukuta. Tumieni sehemu moja ya chokaa iliyozimwa kwa tatu za mchanga wa mto, tabaka mbili nyembamba, na ukuta ulowanishwe kabla na baada kwa siku kadhaa. Boriti za mikoko ndizo zilizofanya vyumba vyake viwe vyembamba kama behewa la treni, upana wa mita mbili na nusu hivi, usiofika tatu. Msing'oe ukuta wa katikati kutafuta sebule pana, dari itawafuata. Na boriti mpya hazikatwi kiholela, mikoko ina kibali chake.

Ardhi ina mitego mitatu, na wa kwanza ndio unaowashangaza watu wote kutoka bara. Kwa desturi ya pwani, mti ni mali kando na udongo. Unaweza kununua shamba kwa haki kabisa, halafu baada ya miezi mitatu anakuja mkwezi aliyetumwa na mwenye minazi, kwa sababu marehemu babu aliuza ardhi lakini minazi ilibaki kwa dada yake. Hati ya mauziano itaje minazi, miembe na mikorosho kwa idadi, na dada zake muuzaji wote waweke saini. Wa pili, ardhi ya kijiji haiuzwi kwa saini ya mwenyekiti wa kitongoji pekee. Inapita kwenye halmashauri ya kijiji kwa muhtasari, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Wa tatu ni mashamba ya mkonge. Mche wa mkonge uliingia nchini 1893 na kuanzia hapa hapa: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, kusini ya mto. Kutokana na hiyo, ardhi kubwa kuzunguka mji ikawa ya kampuni. Kipande kinachoonekana pori lisilo na mwenyewe huenda kina hati ya mtu aliye mbali.

Kama shamba lina minazi na mmekubaliana ni yenu, itazameni juu, msitazame chini. Makuti machanga yakiwa yamekatwa umbo la pembe tatu, chonga, mdudu anayetoboa minazi, yumo. Hutolewa kwa waya wenye ndoano kwenye tundu lake, na mbolea au magogo yaliyooza karibu yaondolewe maana ndiko anakozalia. Mnazi unaopukutisha nazi changa na kupauka kuanzia makuti ya chini unaweza kuwa na ugonjwa wa kunyong'onyea. Huo hauna tiba. Mkiona mashina matupu yamesimama kama nguzo za simu shamba la jirani, punguzeni bei au ondokeni. Sisimizi wa majimoto, hao wekundu wanaouma, waacheni: wanailinda nazi dhidi ya kunguni wa minazi.

Siku ya kawaida? Adhana ya alfajiri, kisha moshi wa vitumbua. Hadi saa tatu mihogo ya nazi na chapati zimekwisha, anayeamka saa nne anakunywa chai kavu. Saa saba hadi saa tisa na nusu maduka mengi hurudisha milango nusu, na kugonga wakati huo ni kukosa adabu. Jioni ni baraza, bao, na muuza kahawa mwenye deli anayegonganisha vikombe. Ijumaa vyombo vingi havitoki kabla ya swala. Ramadhani hamtapata chakula cha mchana mtaani, ila usiku mji huchangamka kuliko mwezi wowote. Mavazi ya heshima yanatosha; mama akiwa na khanga begani hakuna atakayeuliza dini yake.

Kuzoeleka kunategemea misiba zaidi ya chochote. Mtu akifa mtaani, kazi husimama, na mgeni asiyeonekana makaburini hata kwa nusu saa hukumbukwa hivyo miaka kumi. Salamu zisiruke hatua: kwa mzee ni shikamoo, kisha habari za nyumbani, watoto, upepo, ndipo shida yako. Na mkikaa barazani mtasikia habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani ulioanzia hapa Agosti 1888, Zelewski wa kampuni ya Kijerumani alipolazimisha bendera yake, na aliyenyongwa mjini humo humo Desemba 1889. Watu wa Pangani huongezea, kwa furaha isiyofichwa, kwamba Zelewski huyo huyo ndiye Wahehe waliyemmaliza Lugalo 1891. Msisahihishe tarehe, Mwalimu. Sikilizeni.

Hospitali ya wilaya ipo, lakini shida ya moyo au figo ni safari ya kilomita zipatazo hamsini hadi hospitali ya Bombo, Tanga. Mwenye presha aweke dawa za miezi miwili nyumbani.

Msinunue mwaka huu. Pangeni vyumba viwili mjini kwa miezi kumi na miwili, mkianzia Juni, ili kusi na Februari vyote viwapitie mkiwa wapangaji. Lakini kabla ya hapo rudini mara moja mwezi wa Novemba. Hesabuni mwezi uwe ishirini na sita, fikeni pwani ya mto saa kumi na mbili asubuhi, vyombo vya taa vikiingia, na leteni ndoo yenye mfuniko, maana kunguru wa pale hawana haya.